Sikio la Kushoto

Mdogo wangu,

Huku tu wazima, ikiwa uzima ni kuamka. Kifua cha Mama kimetulia kidogo. Mlango wa jikoni bado unakwaruza sakafu tangu ulipoahidi kuupiga randa.

Kitabu cha mchezo cha kampuni yenu kimetoka, kimetangulia chetu kwa wiki mbili. Mchezo ni uleule wetu: watu wanaketi mezani, wanarusha dadu, kila mmoja anakuwa shujaa wa kupaa angani. Sasa maduka yanakataa wetu, eti sisi ndio tumeiga.

Kuna jambo hukulijua. Katika kila nakala ya rasimu ninayompa mtu, mimi humwandikia shujaa mkuu udhaifu tofauti, ili ikivuja nijue ilikovujia. Katika nakala ya mchoraji, shujaa anaogopa moshi. Katika yako, uliyoniomba ulipokuja kumwona Mama, hasikii kwa sikio la kushoto, kama marehemu Baba.

Nimelikuta sikio hilo katika kitabu chenu, ukurasa wa arobaini.

Bosi aliponiuliza ni nakala ya nani iliyovuja, nilisema ni yangu. Basi siku hizi nashinda nyumbani.

Mama amekiweka kitabu chenu chini ya mto. Jana alinisomea ukurasa ule mara tatu, machozi yanamtoka. "Unaona?" akaniambia. "Wewe ulimuuguza baba yako mpaka mwisho, lakini aliyemkumbuka ni mwenzio."

Nikamwambia, "Kweli, Mama."

Mlango usihangaike nao.

Ni mimi,
Dada yako