Boksi Lililo Chini ya Kitanda Chako

Nyakato, Mwanza
Jumamosi asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Kifua kinaendeleaje, na macho je? Najua unapenda salamu ndefu, lakini leo nisamehe. Kabla hujasoma zaidi, toka nje na barua hii. Kaa mbali na nyumba, ndipo uendelee.

Umeshatoka? Haya.

Ni lile boksi la umeme nililokuletea Krismasi. Nilikueleza kwamba karakana yetu inanunua betri za pikipiki za umeme zilizochoka, tunazifungua, tunachagua seli nzima, vile vibetri vidogo vya ndani, na kuziunga upya ziwashe taa za nyumbani. Juzi Alhamisi boksi moja lilivimba mezani kwetu. Likaanza kunuka utamu, kama rangi ya kucha, kisha likapiga mluzi. Fundi Maduhu, mkuu wetu, akapiga kelele, "Tokeni! Acheni kila kitu, tokeni!" Mimi nikachelewa. Nimeungua mguu wa kulia. Usishtuke, naendelea vizuri, ila siwezi kukanyaga, ndiyo maana umepata karatasi badala yangu.

Boksi lile seli zake zilitoka kwenye betri ile ile niliyotengenezea lako. Niliogopa pale pale sakafuni, mama, na hofu haijanitoka.

Maana nilikumbuka maneno ya Nyabwire, binti wa shangazi, alipopita hapa wiki iliyopita. "Mama yako kalivisha kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni," akasema. "Tena halikai sebuleni, liko chini ya kitanda, anaogopa wezi." Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Yale matundu ya ubavuni, mama, ndiyo pua yake. Umeliziba pua, ukalilaza chini ya godoro lako, na mimi nikacheka!

Tangu Alhamisi nakupigia. Simu yako haipatikani, ya mjomba Magesa haipatikani, ya mzee wa kanisa haipatikani. Watu hapa wananiambia mnara wa huko umezimika kwa mvua. Naomba Mungu iwe hivyo tu.

Sasa fanya hivi. Mwite mjomba. Asimame mlangoni kwanza, anuse na asikilize. Akisikia ile harufu au mluzi asiingie, hata kama vitenge vyako vyote vimo humo. Kukiwa kimya, achomoe waya wa sola, alibebe taratibu mpaka mchangani kule mwaloni, mbali na nyavu na mitumbwi. Asilifungue. Wewe usiliguse kabisa.

Kuna jambo jingine, nalo linanila roho. Kila boksi huwekwa kadi ndogo ndani ya kulizuia lisijae umeme kupita kiasi. Siku ile kadi zilikuwa zimekwisha, na mimi nilikuwa nasafiri kesho yake. Nikasema, hili ni la mama tu, nitaiweka nikienda Pasaka. Kwa mteja nisingethubutu, mama. Kwako nilithubutu.

Najua umelisifia kanisani mpaka likaombewa, na utaona aibu likitolewa mchana mbele ya majirani. Waambie mwanao hakujua kazi. Sema hivyo hivyo. Afadhali nidharauliwe na kijiji kizima, wewe ukiwa mzima.

Nisalimie mjomba aliyenisomesha, na shangazi, mama yake Nyabwire. Mzee wa kanisa mwambie asiache kuomba.

Barua hii naipeleka kwa dereva wa basi la Musoma, ataiacha kwa muuza mafuta wa njia panda. Kesho dereva anarudi Mwanza na atasimama tena hapo kwa ajili yangu. Mpelekee karatasi uliyoandika kwa mkono wako mwenyewe, si mtu akuandikie. Usihangaike na habari. Andika jina lako tu.

Ni mimi mwanao,
Mafuru