Sinia Dogo

Hadeel,

Samaki nishamtia ndimu, yumo frijini, mkaange wewe. Dawa nishakunywa, usinipigie simu kuniuliza.

Nnashuka kwa Bi Mei, jirani yetu Mchina. Leo wanakuja wale wanaowafundisha Wachina wenzake wenye sukari kama mimi namna ya kula. Wali hawakukatazwa, mwanangu! Wameambiwa tu waache bakuli kubwa, watumie dogo. Karatasi ya hospitali unayonisomea inasema nile kikombe kimoja. Sisi tunakula sinia moja, nani atapima?

Ndiyo ukanitengea sahani asubuhi, nusu andazi na mbaazi vijiko vitatu, nikakaa pembeni kama mwenye ugonjwa wa kuambukiza, na nyie na wajukuu mnacheka kwenye sinia. Nnajua ni huruma yako. Lakini tangu hapo nakaa, nasimama, roho haitulii.

Nitawaomba watufundishe na sisi, kwa vyombo vyetu. Lile sinia dogo liko juu ya kabati, lioshe.

~~Msinisubiri, kuleni.~~

Nisubirini. Nitakula kidogo, lakini mkono wangu uwemo.

Mama