Plaki ya Batri na Njia ya Mama Régina

Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa saba 2025 — Kasongo
Nimefika. Mimi muzima, kamera hapana. Tukitoka Kindu pikipiki ilitutupa kwenye muteremko, na plaki ya batri imepasuka katikati — kile kibao cha nyuma kinachoshika batri na kupitisha nguvu. Kamera yenyewe haina hata mukwaruzo. Lakini bila plaki ni jiwe tu.

Na Mama ananingoja Kabambare, nimupige video. Kungoja — nasema hivyo tu. Dada Consolée anasema siku zingine Mama hakumbuki kama alizaa mutoto mwingine zaidi yake.

Jumanne, tarehe 8
Nilienda kwa Salomon. Tulisoma pamoja sekondari, sasa anapiga video za ndoa. Ana plaki mbili. Moja anaweza kuniazima. Nyingine ni ya ndoa ya Jumamosi. Nichague.

Kubwa inashika batri moja, nzito kama tofali. Ikijaa inakaa asubuhi nzima. Ikiisha, kamera inazimika kabisa — kubadilisha, kuwasha upya, kungoja.

Ndogo inashika batri mbili ndogo. Unachomoa moja, nyingine inaendelea kuibeba kamera. Haizimiki. Ila zinaisha upesi. Mukono unafanya kazi muda wote.

Salomon anasema nichukue ndogo, juu kule umeme ni wa kubahatisha. Mimi roho inaenda kwa kubwa.

Jumatano, tarehe 9
Simu na Consolée. Anasema Mama akishika mukeka na kuanza kufuma, anatembea tena kwa maneno ile njia aliyokimbia wakati wa vita: kijiji kwa kijiji, muto kwa muto. Ukimukata katikati, basi. Anarudi hapa kwetu, anauliza watu ni nani, na kesho anaanza upya toka mulangoni.

Hajawahi kufika mwisho. Na mwisho ndio tunautafuta. Kaka yetu Raphaël alikufa kwenye njia ile, homa, mutoto wa miaka mitano. Baba alikuwa Salamabila anachimba dhahabu. Consolée alikuwa kwa koko, mama wa baba, huku Kasongo. Mama peke yake ndiye alimuzika. Miaka yote tukimuuliza mahali pa kaburi, alikuwa ananyamaza. Sasa anataka kusema, na kichwa kinamutoroka.

Alhamisi, tarehe 10
Nimechukua kubwa. Sitaki mukono wangu upite mbele ya macho yake kila mara. Salomon hakubishana. Alikaza skrubu, akajaribu, akaifunga yote kwa kitambaa cha maua cha ukumbini. Akasema ikinishinda nimutumie neno kwa Abedi, dereva wa pikipiki anayeleta bidhaa Kabambare. Ndoa ikiisha ile ndogo itakuwa huru.

Jumamosi, tarehe 12 — Kabambare
Vumbi hadi kwenye meno. Mama alikuwa uani. Alininawisha mikono yeye mwenyewe, akaniuliza kwa heshima:
— Karibu, mama. Umetoka mbali?
Nikasema ndiyo, mbali. Consolée aliangalia chini.

Jumapili, tarehe 13
Misa. Halafu kuchaji kwenye solaire ya parokia, ule umeme wa jua. Chaja ya batri kubwa inakunywa kama ngamia! Taa ya kijani haikuwaka. Nikasema itatosha.

Jumatatu, tarehe 14
Haikutosha.

Alianza vizuri sana. Vidole vinafuma, mudomo unatembea. Kibangubangu kitupu, lugha ya kwao, mimi nashika karibu yote. Alifunga mulango, akaacha sufuria motoni. Akapita mashamba ya mihogo. Akafika muto Luama, wavushaji wamekimbia, akamubeba Raphaël begani kwenye maji. Mutoto alikuwa anacheka, Mama anasema, aliona maji kama muchezo. Hili hatujawahi kulisikia. Consolée alitoka jikoni, akakaa chini polepole, sahani mukononi.

Halafu kamera — giza. Nilichomoa batri, nikairudisha kwa nguvu, plaki ikalia. Mama akainua macho kwa ule mulio. Vidole vikasimama. Akaangalia kamera, akaniangalia mimi.
— Wewe ni binti wa nani?

Nililia nyuma ya nyumba. Consolée alikuja, akasema si kosa la mutu, chuma ni chuma. Abedi alikuwa anarudi Kasongo. Nikamupa neno kwa Salomon.

Alhamisi, tarehe 17
Abedi amerudi! Plaki ndogo, ndani ya kitambaa kilekile. Na batri ndogo, si mbili — zote za Salomon, zimejaa. Ana ndoa nyingine Jumamosi hii, ataifanya na nini? Nilimuuliza Abedi. Anasema alimuuliza pia, na Salomon akasema tu Mama Régina ni mumoja.

Nimeifunga. Nimejaribu kuchomoa na kuchomeka huku nimefumba macho. Kamera imekuwa nyepesi kama mutoto mudogo.

Ijumaa, tarehe 18 — njiani
Naandika kwa magoti, upesi.

Asubuhi alianza toka mulangoni, kama kawaida. Nilibadilisha batri akiwa kwenye mihogo, hakugeuka. Nilibadilisha tena Luama. Hakugeuka. Akavuka, akapita soko lililoungua, tukaingia naye mahali ambapo hatujawahi kufika: homa, mutoto hataki tena maji. Hapo akaweka mukeka chini. Nikadhani nimemupoteza. Kumbe anafunga kitenge.
— Kwa mudomo hatutafika, alisema. Twende.

Akatoka. Hivi tu! Consolée alimukimbilia na ndara mukononi. Mimi nyuma, kamera begani. Tumeacha kijiji, tumeacha barabara. Mama anatembea mbele kama mutu anayeenda shambani kwake. Hashikwi mukono. Penye njia mbili hasimami hata kidogo.

Sasa amekaa kwenye gogo, anapumua. Batri zimebaki hizi mbili zilizo ndani, na moja inawaka nyekundu. Kumupiga video anavyotembea, ama kuzitunza kwa mahali penyewe? Consolée anasema mimi ndiye najua. Sijui. Nimezima.

Nikakaa karibu naye. Nikamuuliza taratibu kama ni mbali bado, kama anakumbuka alama, muti, jiwe, kitu. Akaniangalia kwa muda murefu. Akanifuta vumbi kwenye shavu kwa kidole chenye mate, kama wanavyofanyiwa watoto.
— Yvette, uliza vizuri. Wewe ulikuwa mugongoni kwangu, ulikuwa umelala. Hukuona kitu.

Jina langu! Consolée amefunika mudomo. Kamera ilikuwa imezimwa. Maneno ni haya, nimeyaandika kama alivyoyasema.

Mama ameinuka. Anaelekeza kwenye majani marefu, kule hakuna njia. Ananyoosha mukono nyuma bila kugeuka, anafungua na kufunga vidole — ananiita. Kamera nimemupa Consolée, nimemuonyesha pa kuwashia.

Naenda.