Dakika ya Themanini na Tatu

Shoga, nimekwisha. Nakuandikia nimejificha jikoni.

Si unajua mama mkwe anavyosema filamu zangu hazina adabu? Basi jana niliitazama filamu ya leo nzima peke yangu, nikaandika kwenye karatasi dakika zote za aibu, ili niziruke kwa rimoti kabla wakwe hawajaona. Mimi na akili zangu!

Ya kwanza nimeiruka vizuri. Kugeuka, mama mkwe ameshika karatasi. KARATASI YANGU. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti mbele ya baba mkwe na watoto: "Dakika ya arobaini na moja, wanabusiana. Dakika ya sitini na saba, wanaoga."

Wanaoga, shoga! Kwa mwandiko wangu! Mume wangu ghafla anakagua dari.

Nikajua leo narudishwa kwetu. Mama mkwe akaikunja karatasi taratibu: "Mwanangu, umesahau ya themanini na tatu. Ile ndiyo mbaya kuliko zote."



Baba mkwe akamgeukia: "We uliiona lini? Na nani?"

Filamu imesimamishwa. Mzee bado anangoja jibu.