Kaishia Tura

Jumatatu, 9 Juni 2025

Idd imekwisha, pilau limebaki, na Gulzar kaja na wazimu wake. Kaingia kibandani kwangu, mkoba begani, hata kiti hajavuta: shoga, mwaka huu twende! Wapi? Dar, halafu Unguja. Mimi, yeye na Tunu binti yangu. Duka atalifunga wiki mbili.

Gulzar kufunga duka! Duka la vitambaa ambalo hata akiwa na malaria hulifungua, akalala nyuma ya kaunta.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akasema, wewe mwenyeji kule, utatutembeza.

Mwenyeji. Nilijichoma sindano mpaka damu ikatia doa kwenye sketi ya mtu.

Tunu keshafungua grupu la WhatsApp, "Safari ya Bahari". Watu watatu, meseji hazihesabiki. Treni mpaka Dodoma, pale tudandie ile ya umeme mpaka Dar. Siku tatu za Kariakoo na mihogo ya ufukweni Coco. Kisha boti. Kasoma shule, anapanga safari kama ratiba ya mitihani.

Mimi nimetuma kidole gumba tu.

Jumatano, 11 Juni

Sikulala vizuri. Basi niandike, maana hili sijaliandika hata humu.

Ukoo wetu ni wa watu waliofika pwani. Babu yake babu yangu alibeba pembe za ndovu kichwani kutoka hapa Tabora mpaka Bagamoyo, kwa miguu, akarudi salama. Mpaka leo kwenye arusi zetu lazima mtu amtaje. Enzi zile mwanamume asiyefika pwani hakuhesabiwa mtu. Na wale walioondoka kwa mbwembwe wakageuza njiani, babu alikuwa na neno lao: huyo kaishia Tura. Tura yenyewe ni hapo tu, ukipanda treni asubuhi hata njaa haijakuuma umefika. Nyumbani kwetu hilo ni tusi. Mchumba akikimbia posa, kaishia Tura. Mtoto akiacha shule, kaishia Tura.

Haya. Mimi ndiye niliyeishia Tura.

Mwaka 1985, nina miaka kumi na minne. Mjomba Majidi kanichukua anipeleke Unguja nikatembee. Mtaa mzima wa Isevya ukatusindikiza stesheni, vigelegele juu! Treni haijakolea mwendo, mjomba kashikwa na homa, anatetemeka, macho yamegeuka. Tukateremka Tura kwa rafiki yake. Wiki tatu! Nikala viazi, nikachota maji, nikafukuza mbuzi. Alipopata nafuu tukarudi zetu. Pale stesheni, kabla hatujashuka, akanishika bega: "Mwanamkuu, ukiulizwa, tumefika."

Niliulizwa. Nikasema tumefika. Nikaona wanavyonitazama, nikatia na chumvi. Nimeogelea. Nimekula pweza. Jina likanikaa, Bi Unguja. Mpaka kibanda changu kimeandikwa kwa rangi ya bluu, UNGUJA FASHENI.

Mjomba alishakufa zamani, Mungu amrehemu. Kaniachia mzigo peke yangu.

Siku za mwizi arobaini, wanasema. Zangu ni miaka arobaini, na siku ndiyo hii inakuja.

Ijumaa, 13 Juni

Aibu! Tumekaa uani, Tunu anasoma mambo ya hoteli kwenye simu. Akaniuliza, mama, kule Jambiani maji yanaondoka asubuhi au jioni?

Mdomo huu! Nikamjibu: "Maji yaondoke yaende wapi?"

Gulzar kanitazama kwa juu ya miwani. Tunu kasema pole pole, mama, si kupwa na kujaa? Nikajidai natania. Nikacheka mwenyewe, peke yangu, kicheko kirefu.

Kumbe bahari inaondoka! Inakwenda mbali kabisa, watu wanatembea pakavu, halafu inarudi. Mara mbili kwa siku! Mimi maji makubwa niliyoyaona ni bwawa la Igombe, na yale yanakaa palepale yalipowekwa. Miaka yote nimetamba juu ya kitu kinachohama, wala sijui kama kinahama.

Jumanne, 17 Juni

Nimeshona nguo za kuogea baharini, tatu. Gulzar anataka mikono mirefu na suruali ndani. Tunu anataka "ya kisasa", sijui kisasa kipi na mimi mama yake nikiwepo. Yangu nimetia vijiwe kwenye pindo isipande juu majini. Tunu kaipima mkononi, kasema mama, hii utazama nayo.

Nimefumua. Ila nilifikiria kidogo — kuzama nako kungenisaidia.

Alhamisi, 19 Juni

Leo imenikata maini.

Gulzar kaja na chupa. Ya chuma, mpya, kifuniko cha kukaza. Kaiweka juu ya cherehani yangu. Nikadhani ya chai ya safari. Akasema hapana, hii ni ya kisima.

Mama yake, Bi Zehra, alizaliwa Unguja, mtaa wa Kiponda. Aliletwa Tabora kuolewa, hakurudi tena. Mwaka 2009 yuko kitandani nyumbani kwao kule Cheyo, kabaki mifupa, mimi namlisha uji kwa kijiko. Akaniuliza, Mwana, wewe uliyefika, kile kisima uani kwetu bado kipo? Kila mtu alikuwa anamwambia anaota, kisima gani ndani ya nyumba. Ningesema nini mimi? Nikasema kipo, Bi Zehra. Nimekunywa maji yake. Baridi! Akanishika mkono, akalia na kucheka kwa pamoja. Siku ya tatu akafa.

Sasa Gulzar anataka tuteke maji yale, aje ayamwage kwenye kaburi la mama yake. Nyumba ipo, binamu yake kamhakikishia. Ya kisima binamu hajui. "Lakini wewe unajua," kasema. "Kaka zangu wanasema mama alichanganyikiwa mwishoni. Ningekuwa sina wewe, ningewaamini."

Kanibusu shavuni, kaenda zake. Chupa kaiacha.

Nilisema kwa huruma. Wallahi kwa huruma. Lakini huruma ile ilisimama juu ya uongo wa zamani, na uongo ule nilikuwa naupenda.

Jumapili, 22 Juni

Goti linauma. Nimewaandikia kwenye grupu: goti, nendeni nyie, mimi nitawasubiri.

Nusu saa tu Gulzar mlangoni, na dawa ya kuchua na supu ya kwato. Kalichua goti lenyewe kwa mikono yake, anapuliza kama nina miaka mitano. Akasema bila wewe haendi mtu, tutaahirisha mpaka mwakani. Na mwakani nani kaahidiwa?

Kachua goti zima. Silo hata nililosema linauma — nilikosea kunyoosha mguu, hakugundua.

Nimepona.

Jumatano, 25 Juni

Nimemaliza bando nikitazama video za Kiponda. Vichochoro! Kila mlango kama mwenziwe. Wazungu, paka, pikipiki. Kisima sijakiona. Nikajiambia, huenda kipo. Nyumba za zamani zilikuwa na visima. Huenda kipo kweli, nikasalimika.

Halafu nikaona haya. Namwombea mtu kisima ili mimi nisiumbuke!

Ijumaa, 27 Juni

Begi limefungwa. Nimelifungua. Nimelifunga.

Niseme leo? Nilikwenda dukani kwake kusema. Alikuwa anabandika karatasi mlangoni, "Tumesafiri." Anaimba.

Nikarudi.

Jumamosi, 28 Juni

Ndani ya treni. Mwandiko huu wa treni, mbaya.

Tumeondoka asubuhi. Majirani wamekuja stesheni kutusindikiza — vigelegele vilevile! Bi Unguja anarudi kwao! Nikapunga mkono. Tunu kapanda kitanda cha juu na spika za simu masikioni, kasinzia. Gulzar dirishani, chupa mapajani, anauliza kila stesheni, hapa wapi? Na hapa?

Sasa tumesimama. Tunapisha treni ya mizigo.

Nilipajua kabla sijaona kibao. Mama mmoja kaja chini ya dirisha na beseni la karanga. Akanisalimu kwa kilugha, "Mwangaluka," nikamwitikia. Nikamtazama sana usoni, rika langu. Nikatazama na wengine, wauza asali, wazee kwenye benchi. Hakuna aliyenikumbuka. Hata mmoja. Kumbe hapa duniani hakuna tena wa kunifichua ila mimi.

Gulzar kachukua karanga, kauliza, hapa wapi?

Tura, nikasema.

Akacheka mpaka karanga zikamwagika. Tura ya babu yako! Hii ndiyo "kaishia Tura"! Mwana, hebu nionyeshe, walikuwa wanaishia wapi hasa?

Nikanyoosha kidole dirishani. Nyuma ya stesheni, ile njia ya mchanga. "Pale," nikasema. "Niliishia pale. Wiki tatu. Unguja sijafika mimi, Gulzar. Bahari sijaiona hata siku moja."

Alidhani natania. Akangoja nicheke. Sikucheka.

Akaokota karanga, moja moja, kazitia kwenye karatasi. Alichukua muda. Hakuinua uso. Kisha akauliza, sauti ndogo kabisa:

"Na kisima?"

Nikatoa daftari mkobani, nikaanza kuandika, kama mwendawazimu, mbele yake. Ndiyo haya naandika. Treni ya mizigo imeshapita. Yetu imepiga honi. Yule mama wa karanga anadai pesa zake. Gulzar kaikumbatia chupa, ananitazama, anangoja niiweke kalamu chini.