Programu Ilipofunguka Nyumbani kwa Shigela

Kata ya Pito,
Sumbawanga, Rukwa.
16 Februari 2025.

Mpendwa kaka Adriano,

Shikamoo kaka. Hujambo huko Arusha? Kile kifua chako kimetulia? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Mama amekaa hapa kando yangu, ameniagiza nimsomee kila ninachoandika kabla sijafunga bahasha.

Mvua ni nzuri mwaka huu. Baba anamalizia palizi ya mahindi, na ulezi umeota vizuri.

Kaka, ulipopiga simu ulisema unataka kuacha kazi. Ulisema umehangaika mwaka mzima na jambo moja tu, kufanya programu za simu zisasishwe haraka, na hakuna anayeliona. Maneno yale yalinikaa moyoni.

Unaijua kazi yangu ya uhudumu wa afya hapa kijijini. Zamani programu yetu ikidai kusasishwa, simu ilipakua kila kitu upya, hata kama kilichobadilika ni kidogo. Mtandao ukikatika, inaanza tena mwanzo. Nilikuwa napanda kilimani nyuma ya kanisa kutafuta mtandao, nakaa mpaka jua linakuwa kali, halafu narudi vilevile.

Sasa wiki iliyopita nilipita kwa Shigela, mfugaji Msukuma aliyehamia ng'ambo ya mto. Mwanawe mdogo, Yonas, alikuwa anakohoa. Nilimgusa, joto halikuwa kali. Nikajisemea ni mafua tu, nitarudi kesho. Lakini utaratibu wetu ni kuhesabu pumzi za mtoto kwa simu, nikaifungua. Programu ikagoma: sasisha kwanza!

Nikamwambia mama yake, Angela, "Hii itatuchelewesha. Mtandao wa hapa ni wa kubahatisha."

"Jaribu tu, dada," akasema. "Tangu jana mtoto hataki kunyonya."

Nikabonyeza. Mtandao ukakatika, ukarudi, na simu ikaendelea palepale ilipoishia, ikachukua vipande vilivyobadilika tu, jambo lile lile ulilokuwa unalihangaikia. Angela hajamaliza hata kumfunika mtoto vizuri, programu imeshafunguka. Nikahesabu pumzi. Ikaja alama nyekundu: apelekwe hospitali sasa hivi.

Shigela akaita bodaboda, wakaenda mjini. Daktari alisema ni homa ya mapafu, na kwamba kungoja hadi kesho yake kungekuwa kuchelewa mno.

Leo baada ya misa nimepita kumwona. Nimemkuta Yonas anafukuza kuku uani, mama yake anamkimbilia na uji. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Jambo moja limebaki. Salome, mwenzangu wa Kabwe kule ziwani, simu yake ni ya zamani na bado inasuasua kila ikisasisha programu. Anazunguka kwenye nyumba nyingi zenye watoto. Kabla hujaamua lolote kuhusu kazi, mfikirie yeye.

Mama amenikatiza. Anasema niandike hivi hivi: "Mwanangu, usiiache. Itengeneze na ya huyo Salome."

Baba, shangazi Agnesi na mwanawe Calvin wanakusalimu sana. Mungu akupe afya, na akili yako aizidishie nuru.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Otilia