Kandambili ya Kigamboni na Ruhusa ya Kuzamia

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
15 Juni 1982

Mpendwa mpwa wangu Candida,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha kandambili yangu ya mguu wa kushoto, kilichotokea ghafla Jumapili iliyopita katika bahari ya Kigamboni. Marehemu ameacha mjane mmoja, wa mguu wa kulia, ambaye sasa amelazwa chini ya kitanda na hana kazi. Habari ziwafikie wote wanaohusika, hasa wewe uliyeko Kuba, maana marehemu alifia kwenye shughuli yako. Nitaeleza mbele.

Sasa salamu. Hujambo, mwanangu? U mzima? Masomo ya udaktari yanakwendaje, na hicho Kihispania kimekukubali? Sisi huku hatujambo. Goti langu linauma nikipanda ngazi tu, na kwa kuwa nyumba yetu haina ngazi, nahesabiwa mzima. Mke wangu Winifrida anasema nimenenepa. Mimi nasema shati limerudi kwa kufuliwa. Hatujaafikiana.

Masika yamekwisha, Jangwani kumekauka na watu wanapita tena bila kukunja suruali. Dukani kuna maharage na vitunguu. Sabuni ikija, foleni inafika kabla yake.

Mama yako Severa yuko hapa kwetu. Aliteremka kutoka Kilema kuja kupimwa macho, barua yako ikamkuta. Nilimsomea mimi. Nilipofika pale unapoomba ruhusa ya kwenda na wanafunzi wenzako likizo ya Agosti, kwenye kisiwa hicho cha Karibi, mkafundishwe kuzamia na mtungi wa hewa mgongoni, alikataa kabla sijageuza ukurasa.

"Nimempeleka akasomee udaktari," akasema. "Hajaenda kuvua."

Nikamsomea na ule mstari wako kwamba mama akikataa hutakwenda, na kwamba hakuna kitu umewahi kukitamani kama hicho. Aliikoroga chai mpaka ikapoa. Kisha akatoa sharti. Unajua kwetu pombe ya mbege haipewi mgeni mpaka mwenyeji ameonja kwanza mbele ya macho yake. Basi mama yako akasema na bahari iwe hivyo hivyo: mtu wa ukoo wetu aingie, kichwa na yote, yeye akiangalia. Akitoka mzima, atajibu. Watu wa ukoo wetu waliopo mjini hapa, ambao Jumapili baada ya misa hawana la kufanya, ni mimi.

Nilikwenda kwa Hashil, jirani yetu muuza vitambaa, yule aliyekuwa akikupa halua ukiwa mdogo. Ujanani alikuwa mzamiaji bandarini, akikagua meli chini kwa mtungi kama huo wako, na hajaacha kutukumbusha. Alinicheka mpaka akaegemea majora. "Wewe Mangi wa Wachaga! Watu wa mlimani mnaogopa hata beseni!" Lakini alinifundisha, nami nakuandikia aliyosema ili hata jibu likiwa baya usiseme mjomba hakukusaidia.

Kubwa kuliko yote, usibane pumzi. Ukiwa na mtungi, vuta na toa muda wote, na wakati wa kupanda ndiyo usithubutu kabisa kubana. Sikuelewa mpaka nilipokumbuka lile dumu tupu nililolifunga kizibo Kilema. Lilifika Dar limebonyea kama limekaliwa. Hashil akasema ndiyo hivyo hivyo, ila kwako itakuwa kinyume. Hewa uliyoivuta chini inavimba unapopanda, na ukiifungia kifuani, dumu litakalopasuka ni pafu. Kwa hiyo panda polepole, usiyapite mapovu yako madogo.

Masikio unayajua. Basi likiteremka kwenda Moshi yanaziba, unameza mate yanafunguka. Chini ya maji ni jambo lile lile, ila usingoje yaanze kuuma. Bana pua, pulizia kidogo kwa ndani, endelea kufanya hivyo kila unaposhuka. Yakigoma, panda kidogo ujaribu tena. Na ukiwa na mafua baki ufukweni uwachungie wenzako nguo. Hakuna aibu. Kuna wajomba zako waliofanya kazi hiyo maisha yao yote.

Miwani ya maji itemee mate kwa ndani, usugue, usuuze, haitafunga ukungu. Winifrida anasema hilo si la kumwandikia mtoto wa kike. Mimi nimeandika.

Usishike matumbawe, yanachana ngozi na kidonda hakiponi upesi. Usikanyage usipopaona, maana miiba ya baharini haijui kama wewe ni msomi. Usiachane na mwenzako mliyepangiwa. Na kama mtarudi kwa ndege, pumzikeni kwanza siku nzima baada ya kuzamia. Hashil amesisitiza hili bila mzaha, na wewe unajua jinsi ilivyo nadra.

Mengine ulizeni mwalimu wenu. Akisema tofauti na Hashil, mfuateni mwalimu, ila msimwambie Hashil.

Sasa la Jumapili. Huenda utasikia mengine, kwa sababu Hashil ametangaza Kariakoo nzima kwamba nilizama kama nanga nikatoka na samaki mkononi. Ukweli ni huu.

Tulivuka na Hashil kwa pantoni kutoka Magogoni, mama yako ameshika chuma kwa mikono miwili na macho kafumba. Kigamboni alisimama mchangani na shati langu begani. Mimi niliingia na kandambili, nikihofia miiba. Hapo ndipo nilipokosea, kwani mpira unaelea. Maji yalinifika kiunoni, Candida, si zaidi. Nilipoinama kutia kichwa, kandambili zilivuta miguu juu, nikageuka kichwa chini kama bata anayetafuta chakula. Nilikunywa bahari. Nilipiga mateke, ya kushoto ikachomoka ikaenda zake. Nilisimama nakohoa, na Hashil amekaa ndani ya maji kwa kicheko.

"Toka, Theophil!" mama yako akapiga kelele. "Basi, toka!"

Ningetoka. Lakini nilikuwa na miwani ya maji aliyoniazima Hashil usoni, na katika kule kupinduka nilikuwa nimeona kitu. Nikavua ile nyingine nikamrushia Hashil, nikatia kichwa tena, polepole. Kulikuwa kimya. Kelele zote za mji huu zilikuwa zimezimwa. Samaki wadogo wenye mistari, wadogo kama kucha, walikuwa wakizunguka miguu yangu bila kuiogopa. Nilikaa hivyo hadi pumzi ikaniishia. Nikarudia tena, bila kuombwa.

Nilipotoka sikumdanganya mama yako. Nilimwambia ni maji ya kiunoni, sikuzama popote, na nimekunywa mengi kuliko niliyoyaona. Hashil akasema, "Dada Severa, hapo hakuzamia, ameoga." Mama yako akanipa shati.

"Uliporudi mara ya pili," akasema, "alikusukuma mtu?"

"Hapana."

"Na kama nisingekuwa hapa naangalia, ungerudi tena?"

"Ningerudi."

Akafunga khanga yake vizuri. "Anayeonja hanywi kibuyu kizima ila pombe ikiwa nzuri," akasema. "Mwandikie aende. Na apande polepole."

Basi nenda, mwanangu. Winifrida anakusalimu, Hashil anakusalimu na anadai umletee kombe la baharini la huko. Mama yako anasema ukitoka tu majini uandike siku hiyo hiyo, hata kama mikono haijakauka. Mungu akutangulie ukishuka na akupokee ukipanda.

Ni mimi mjomba wako nikupendaye, mwenye kandambili moja,

Theophil